Redio Isiyosubiri Marahaba

Mjukuu wangu ni mwalimu kama nilivyokuwa mimi. Juzi alikuja kwangu Lipangalala amenuna, akanitupia simu mapajani. "Bibi, soma hapo." Nikavaa miwani. Kumbe ameunda kundi la wazazi wa shule yake kwenye simu, akaandika tangazo la kikao kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho, na wazazi wote kimya. Mmoja tu kaweka kidole gumba.

"Wazazi wa siku hizi hawana ushirikiano kabisa," akasema.

"Afadhali wewe wamenyamaza," nikamwambia. "Mimi matangazo yangu waliyavuta."

"Waliyavuta vipi?"

"Kwa tumbaku, mjukuu wangu. Kwa moto na tumbaku."

Basi alikaa, nikamsimulia, na leo nawasimulia na ninyi wenzake, walimu vijana ambao kila mwaka mnaletewa chombo kipya na semina ya siku mbili ya kukitumia. Mimi semina sikupata. Nilipata aibu, na niliyojifunza kwenye aibu ile sijayasahau mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha darasa la saba katika shule ya msingi moja pembeni mwa Ifakara, na juu ya hapo nilipewa cheo cha mwalimu wa mahusiano na wazazi. Msidhani nilipewa kwa sababu nilikuwa hodari wa mahusiano. Nilipewa kwa sababu siku ya kugawana kazi nilichelewa kufika, nikakuta wenzangu wamekwisha chukua zote. Na mimi, anayenijua anajua, sikuwa na mdomo mtamu. Nilikuwa na mdomo tu.

Bonde letu mnalijua. Mvua zikianza, watu wanahamia mashambani, ng'ambo ya mto, na kule wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, mpaka mpunga uvunwe. Anahama baba, anahama mama, inahama sufuria. Na mpunga ukishatoa masuke, ndege wanashuka kwa maelfu, na wa kuwafukuza kuanzia alfajiri mpaka jua lizame ni watoto. Kwa hiyo darasa langu la saba lilikuwa linapukutika kila mwaka bila kukosa. Januari nina watoto wa kujaza madawati yote, mwezi wa nne ninafundisha ukuta. Walikuwa wanarudi baada ya mavuno, wanakuta mtihani umebakiza wiki chache, wanaufanya kama wageni waliokaribishwa chakula wasichokijua, wanafeli, wanarudi mashambani moja kwa moja.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa barua. Shule ilikuwa na mashine ya kurudufu, ile ya stensili, ya kuzungusha kwa mkono. Nilikata stensili, nikapaka wino, nikazungusha mpaka bega likauma, mikono ikawa myeusi kama ya fundi makenika. Nakala zilipotoka nzuri nilijiona mkuu wa mkoa. Nikampa Hamisi, kijana mwenye familia yake aliyekuwa akiuza chumvi na dagaa kwa baiskeli huko madunguni, akagawa dungu kwa dungu. Nikasubiri majibu. Hakuna.

Baada ya mavuno nikakutana na Mzee Kalisti sokoni. Huyu alikuwa mkulima, wazazi wake wametokea upande wa Mahenge, mtu wa kanisani kila Jumapili na mkaidi siku sita zilizobaki. Nikamwuliza kama alipata barua yangu. Akasema, bila hata kutahayari, "Nilipata, Mwalimu. Karatasi zako ni nzuri sana. Laini. Zinashika tumbaku kuliko gazeti."

Nilitaka kumrarua. Lakini alikuwa anasema kweli na alikuwa anashukuru. Kusoma hakujui, barua ya shule haina picha, angefanya nayo nini?

Sasa Mzee Kalisti huyuhuyu alikuwa na binti, Fides, mtoto wake wa mwisho. Kaka zake wawili nilikuwa nimewafundisha, wote wawili walichukuliwa darasa la saba kwenda kufukuza ndege, wote wawili wakafeli. Fides aliwapita kwa mbali. Mtoto alikuwa akikosa hesabu moja anakosa na usingizi. Mwaka aliofika darasa la saba, Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Gaspari, akapata kibali cha kuanzisha kambi, yaani watoto wa darasa la saba walale shuleni na kusoma wakati wazazi wako mashambani. Ila Mratibu wa elimu akaweka sharti: mtoto haingii kambini bila kauli ya mzazi wake mwenyewe. Si ya shangazi, si ya jirani.

Fides alikuwa amebaki Kibaoni kwa shangazi yake. Siku moja baada ya vipindi akaja mezani kwangu, akasimama, anavuta vuta pindo la sketi.

"Mwalimu, mpunga ukitoa masuke nitafuatwa."

"Mwambie baba yako unataka kambi."

"Nikisema mimi atasema nimetunga. Mwambie wewe, Mwalimu." Halafu akaongeza polepole, "Kaka zangu nao walisema watarudi mapema."

Ile sentensi ilinichoma. Siku ile niliapa moyoni kwamba huyu hawamchukui. Nitasema na baba yake hata kama ni kwa tarumbeta.

Tarumbeta hatukuwa nayo. Tulikuwa na redio kaseti. Mfadhili mmoja aliitoa ili watoto wasikilize masomo ya Kiingereza, na Mwalimu Gaspari akaifungia kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama seti ya vikombe vya bibi harusi. Hakuna aliyewahi kuigusa. Nikaenda kuiomba.

"Vitalina," akasema, "ile ni ya Kiingereza."

"Kwani Kiswahili haikitaki?"

Akafungua kabati, akanikabidhi redio na kitambaa chake, akaandika kwenye daftari kwamba vyote viwili nimechukua mimi.

Nikajifungia ofisini, nikasimama wima, nikakohoa, nikabonyeza. "Shikamooni wazazi. Shule yenu inawatangazia kama ifuatavyo. Kwanza, kutakuwa na kambi ya darasa la saba. Pili, kila mzazi anatakiwa kutoa kauli yake. Tatu..." Nilifika mpaka nane. Nilimaliza bila kukwama hata mahali pamoja, kama wale watangazaji wa taarifa ya habari. Niliirudisha nikajisikiliza mara tatu kwa kujipenda. Halafu nikamfundisha Hamisi vitufe, akaifunga kwenye boksi katikati ya chumvi, akaondoka.

Siku nne baadaye akarudi, uso umemshuka.

"Mwalimu, wamekataa."

"Wamekataa kambi?"

"Huko kwenye kambi hata hawajafika. Wamekataa redio. Wanasema haina adabu. Mzee Kalisti kasema asiletewe tena kitu kile dunguni kwake. Na kasema kama shule yenyewe ndiyo hii, binti yake afuatwe mapema, asisubiri masuke."

Loo! Niliwaka. Nilisema maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilisema wamezoea kuongea na nguruwe pori, sasa wamesahau sauti ya binadamu. Mwalimu Gaspari akanyoosha tu mkono apokee redio yake. Nikamwambia, "Thubutu! Hii inarudi kulekule, na mimi naifuata nione huko kukosa adabu kwenyewe."

Jumamosi ile ile nikashuka Kivukoni. Maji yalikuwa yamejaa, pantoni imefungwa, tukavushwa kwa mtumbwi, redio nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Ng'ambo nikaanza kutembea kwenye matope. Buti moja la mpira likabaki kwenye tope, nikalivuta likakataa, la pili nikalivua mwenyewe kwa hasira. Nilifika dunguni kwa Mzee Kalisti pekupeku, matope magotini, jua kichwani, na roho imechafuka kuliko miguu.

Wakanipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikawaamkia, wakaitikia. Wakaniuliza habari za mjini, za shule, za mama yangu, za mto. Nikawapa pole ya kazi. Nikapewa kigoda, nikapewa maji ya kunawa, nikapewa uji. Majirani wanne wakaja. Mama mzazi wa Mzee Kalisti, bibi mzee sana mwenye macho yaliyoanza ukungu, akasaidiwa kuteremka ngazi ya dungu, akakaa mkekani mbele kabisa.

"Haya," nikasema, "nionyesheni hiyo redio inakosa adabu wapi." Nikabonyeza.

"Shikamooni wazazi," ikasema sauti yangu.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia bibi, akainama kuelekea redio. "Hujambo?"

"Shule yenu inawatangazia kama ifuatavyo."

"Na watoto hawajambo?"

"Kwanza, kutakuwa na kambi..."

"Nauliza, watoto hawajambo?" Bibi akapandisha sauti, akidhani haisikii vizuri.

"Pili, kila mzazi anatakiwa..."

Bibi akajivuta mkekani, akaipa redio mgongo. Mzee Kalisti akanyoosha kidole, akaizima.

Jamani, nilitamani tope lile lililomeza buti langu linimeze na mimi. Nilikuwa nimekaa palepale, nimetoka kusalimiana na bibi yule kwa adabu zote, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimpita kama baiskeli isiyo na breki.

"Mwalimu Vitalina namjua," akasema Mzee Kalisti. "Ameingia hapa, ametuamkia, tumemwitikia, tumeongea. Huyu wa kwenye sanduku simjui. Mtu anakuamkia halafu hasubiri umwitikie, huyo anakusalimia au anakufukuza?"

Nikaomba radhi, nikamwomba bibi radhi peke yake, akanishika mkono akasema yamekwisha. Halafu, kwa vile nilikuwa nimekwisha fika, nikapiga moyo konde nikamwomba Mzee Kalisti palepale amwache Fides aingie kambini. Naye akakataa palepale.

"Na ndege?" akaniuliza. "Nikimwacha Fides, shamba langu litakuwa wazi. La jirani lina watoto, la kule lina watoto, langu halina mtu. Ndege wa bonde zima watakuja kula kwangu. Wenzangu huko mbele wanasemaje kuhusu hiyo kambi? Unajua?"

Sikujua. Nilikuwa nimewatangazia watu wote mambo manane na sikuwa nimemwuliza mtu hata jambo moja.

Nilirudi mjini na nikaenda moja kwa moja kwa mama yangu. Mama hakukaa darasani siku hata moja. Nilipomweleza alicheka akashika mbavu. "Yaani umeamkia wazee ukakimbia? Vitalina! Nilikulea wapi mimi?" Alipomaliza kunicheka akasema, "Lete hilo dude. Nitakaa hapa mbele yako. Wewe sema, mimi nitaitikia kimoyomoyo. Usiendelee mpaka nitikise kichwa."

Hiyo ndiyo semina yangu, vijana. Mama akakaa kwenye kigoda, mimi nikashika redio. "Shikamooni wazazi wangu." Kimya. Midomo ya mama inachezacheza, macho kayafumba, anaitikia, anauliza hujambo. Akatikisa kichwa. "Sijambo, ahsanteni. Poleni na kazi za shamba." Kimya. Mama anapokea pole, anashukuru, anauliza ya kwangu. Akatikisa. "Watoto hawajambo wote. Fides wa Mzee Kalisti hajambo, Yohana wa Mama Yohana alikuwa na homa, sasa anacheza mpira." Mara ya kwanza tuliharibu, maana mama alijisahau akaitikia kwa sauti, "Marahaba mwanangu, na wewe umekonda!" Mara ya pili jogoo wa jirani akawika katikati. Jogoo nikamwacha. Nilikuwa nimechoka, na isitoshe aliwika mahali pa kimya, kama na yeye anaitikia.

Yale manane yote nikayafuta. Nikasema mawili tu: kambi ipo, na mtoto haingii bila kauli yako. Halafu nikamalizia hivi: "Mimi nimemaliza. Sasa geuzeni kanda, bonyezeni vile vitufe viwili kwa pamoja, semeni ninyi. Tutasikiliza mpaka mwisho."

Kabla haijaondoka, Mwalimu Gaspari akataka Mratibu aisikilize. Mratibu alikuwa mtu wa haraka, shati limeingizwa ndani, kalamu tatu mfukoni. Redio ikasema shikamooni, ikanyamaza. Mratibu akasubiri kidogo. Akaipiga kofi ubavuni.

"Imekwama hii."

"Haijakwama, mzee," nikasema. "Inasubiri waitikie."

"Waitikie nani? Hapa hakuna mtu."

"Kule watakuwepo."

Akamgeukia Mwalimu Gaspari. Mwalimu Gaspari akaangalia dari. Ikapita pole, ikanyamaza tena, jogoo akawika, Mratibu akasimama akasema ana safari. Mlangoni akageuka: "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi kuleta majina. Na kanda hainunuliwi kwa ajili ya kurekodi majogoo."

Hapo niwape ufundi kidogo, ingawa vyombo vyenyewe mmeviona makumbusho tu. Betri zikichoka, usizitupe. Zianike juani mchana kutwa, zitakupa saa nyingine moja au mbili. Kanda usiirudishe nyuma kwa mashine, inakula betri. Ingiza kalamu kwenye tundu uzungushe kwa mkono. Na upande uliorekodi wewe, uvunje kile kijiti cha plastiki cha nyuma ya kaseti, asije mtu akarekodi juu yake. Hili la mwisho nililijua kwa kuumia. Safari ya kwanza ya kanda ile, Hamisi alipumzika Kivukoni kunywa chai, akaja akaendelea na safari, na dungu la kwanza walipobonyeza wakasikia muziki wa dansi. Walimu tumeimba rumba! Mtu alikuwa ameazima redio dakika mbili tu. Nikarudi kwa mama, tukaanza upya, na zamu hiyo hata jogoo hakutusaidia.

Siku zikaenda. Fides alikuwa haniulizi kitu, ila kila asubuhi akiingia darasani ananiangalia mikono. Watu waliokuwa wanatoka ng'ambo wakaanza kusema mpunga wa mashamba ya juu umeshatoa masuke. Na wa Mzee Kalisti ulikuwa wa juu.

Hamisi akatokea siku ya Alhamisi, mchana, walimu wote tuko ofisini tunasahihisha. Akaweka boksi mezani. "Imejaa," akasema. "Upande wote wa pili umejaa."

Mwalimu Gaspari mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Ikakwaruza kwaruza, tukasikia debe linapigwa kwa mbali na watu wanafukuza ndege, halafu ikaja sauti ya bibi, mama yake Mzee Kalisti. "Walimu, hamjambo?"

Kimya.

Tukatazamana. Redio inazunguka, haisemi kitu. Mwalimu Gaspari, yule aliyeangalia dari mbele ya Mratibu, akavua miwani yake.

"Hatujambo, mama," akaiambia redio. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema bibi, palepale, bila kupishana hata kidogo. "Na watoto hawajambo?"

"Hawajambo!" tuliitikia ofisi nzima, kwa kelele, kama darasa la kwanza. Nilicheka na machozi yananitoka. Nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuwa nayo, na mume wangu alilijua hilo, nilimwambia mwenyewe.

Baada ya bibi wakafuata wengine, mmoja mmoja. Mwanzoni kila mtu alisema lilelile: ndege. Nani atafukuza ndege? Lakini kanda ilikuwa inatembea dungu kwa dungu, na wote waliofikiwa walikuwa wanaisikiliza kwanza toka mwanzo ndipo waseme. Basi mama mmoja akasema, "Nimemsikia Kalisti hapo nyuma. Kumbe na yeye anaogopa kubaki peke yake. Mimi nilidhani ni mimi tu." Mwingine akasema, "Kama tunaacha watoto kambini, tuache sote." Baba mmoja akasema watu wazima wapange zamu, leo wawili wanazunguka na madebe mashamba yote ya mkondo huu, kesho wawili wengine. Ukawasikia wanakubaliana, watu ambao kati ya dungu na dungu kuna mwendo wa nusu saa kwenye maji.

Akaja na Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, ambaye siku hizo alikuwa mgeni bondeni na ng'ombe wake, na mwanawe alikuwa darasani kwangu. Mzee Masanja alianza na "Mwangaluka," salamu ya kwao, akaendelea kutusalimia sisi, nyumba zetu, mifugo yetu, mvua yetu, akaacha nafasi kila mahali, mpaka Mwalimu Gaspari akaanza kuhesabu kanda iliyobaki. Nikamnyamazisha. Mwisho kabisa Mzee Masanja akasema neno lake: mtoto abaki, na maziwa ya kambi yatatoka kwake. Na yalitoka, kwenye madumu, kila juma.

Kanda ilikuwa inakaribia ukingoni aliposema Mzee Kalisti kwa mara ya pili. Alikuwa ameifuata redio mwenyewe mpaka dungu la mwisho.

"Mwalimu Vitalina."

"Naam," nikasema.

"Nimewasikia wenzangu. Zamu ya kwanza ya ndege naichukua mimi. Fides abaki. Ila asilale chini, sakafu yenu ina unyevu, naijua."

Nikapiga kelele! Mwalimu Gaspari akapiga meza, chupa ya wino ikaanguka ikachafua daftari la mahudhurio, na hakuna aliyejali. Nikatoka mbio mpaka darasani. Fides aliponiona mlangoni alisimama. Sikuweza kusema neno, mimi niliyejaliwa mdomo. Nikatikisa kichwa tu kukubali, kama mama. Akakaa, akalaza uso kwenye dawati, mabega yanatikisika, na wenzake wakaanza kumshangilia bila kujua ni la nini. Majina nikayapeleka kwa Mratibu kabla mwezi haujaisha, ya darasa zima. Masuke yakatoka, ndege wakashuka, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefuatwa.

Baada ya hapo walinizungusha shule nyingine kufundisha "mfumo wa kanda." Nilikuwa ninawaambia walimu wenzangu waache nafasi ya kuitikiwa, wanaandika kwenye madaftari, wanarudi kwao wanatangaza mambo manane. Wakinilalamikia nilikuwa nawauliza tu nani alikaa mbele yao wakati wanarekodi. Na ninyi nawauliza hivyohivyo. Unapoandika kwenye hiyo simu yako, unamwona nani? Kama humwoni mtu, iweke chini kwanza.

Matokeo ya mtihani yalifika mvua za kupandia zimekwisha anza, wazazi wamehama tena. Mwalimu Gaspari alisoma orodha akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Wa kwetu walikuwa wengi kuliko miaka yote niliyofundisha pale, na Fides alichaguliwa kwenda sekondari. Mwalimu Gaspari akafungua kabati mwenyewe, akanitolea redio, ameshaitia betri mpya.

"Rekodi, Vitalina. Hamisi anaondoka leo."

Nikamrudishia. "Hii haibebwi na sanduku," nikasema, nikaenda Kibaoni nikamshika Fides mkono, tukashuka mtoni.

Tulimkuta baba yake katikati ya maji, ameinama anapandikiza mpunga. Fides akamwendea mwenyewe, mimi nikabaki tutani. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona Mzee Kalisti ananyooka, polepole, miche ya mpunga ikamdondoka mikononi moja moja. Akamwangalia binti yake. Halafu akageukia upande wa mashamba ya wenzake, akakusanya viganja mdomoni, akaita kwa nguvu zake zote.

"Fides kapasiii!"

Dungu la pili likaitika, likaipokea, likaitupa mbele. La tatu likaipokea. Nikalisikia lile jina linakwenda shamba kwa shamba, wanaume wanaita, akina mama wanapiga vigelegele, linazidi kuwa dogo. Mbali kabisa, mahali ambapo macho hayafiki, mtu mmoja ambaye hakusikia vizuri akauliza, "Mtoto wa naniii?"

Mzee Kalisti akavuta pumzi ajibu. Hakuwahi. Huko katikati, kutoka mashamba ambayo wenyewe walizunguka na madebe kulinda mpunga wake, sauti tatu nne zikajibu kwa pamoja.

"Wetuuu!"

Mzee Kalisti akakaa palepale kwenye maji, akalia kwa sauti, na Fides akakaa naye.